Kabla ya Kufunga Swichi Janja Arusha: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kwa upande wa uzalishaji nchi imepiga hatua. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine 9, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Laini ya kilovoti 400 imetoka Singida, ikapita Arusha hadi Namanga na kuvuka mpaka kwenda Isinya, Kenya. Lakini mkazi wa Sakina au Moshono hapa Arusha umeme ukimkatikia usiku, mara nyingi chanzo hakiko Rufiji. Tawi limeangukia waya wa kilovoti 11 nyuma ya shule, au fyuzi imekatika kwenye transfoma ya mtaa, na hakuna ajuaye ni nguzo ipi mpaka gari la dharura lizunguke na tochi.

Ndiyo maana suala la kuufanya mtandao wa usambazaji ujiendeshe wenyewe ni la kulichukulia kwa uzito: swichi zinazojifungua na kujifunga, vihisi vinavyotaja hitilafu ilipo, mita zinazotoa taarifa zenyewe, na chumba kimoja cha udhibiti kinachoona jiji zima hadi Usa River na Ngaramtoni. Katikati ya Dar es Salaam kazi ya namna hii ilishafanyika kwa fedha za Finland, pamoja na mfumo wa SCADA wa kuongoza vituo kutoka mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kupitia mradi wa iGrid unaofadhiliwa na Sweden, kimekuwa kikitafuta njia ya kugundua na kutenga hitilafu kwenye laini ndogo za mitaani.

Maagizo yanayofuata ni kwa watakaoifanya kazi hiyo Arusha na pembezoni mwa Mlima Meru: mameneja, wahandisi, mafundi, wakandarasi, madiwani, na sisi wateja. Ni makali kwa makusudi. Kilovoti 11 hazina msamaha, na mtambo unaojiendesha hutekeleza kosa kwa kasi ileile unayotekelezea jambo sahihi.

ANZA NA RAMANI YA KWELI

Mtambo hauzioni nguzo. Unauona mchoro uliopewa. Mchoro ukisema nyumba za Kijenge Juu zinalishwa na fida fulani, yaani laini inayotoka kituoni kulisha mitaa, kumbe mafundi walishazihamishia fida ya jirani usiku wa mvua na hawakuandika, kompyuta itazima upande usiohusika na kuamini kwamba imetenga hitilafu. Itawasha ule wenye waya chini.

Kwa hiyo tembea. Tembea kila laini ya kilovoti 33 na 11 kuanzia kituo cha kupoza umeme hadi nguzo ya mwisho, hata kama nguzo hiyo iko ukingoni mwa msitu wa Meru na gari haliwezi kufika. Andika namba ya nguzo, unene wa waya, hali ya vikombe vinavyoshikilia waya, ukubwa wa transfoma, fyuzi iliyomo, na mahali ambapo fida mbili zinakaribiana. Kisha fanya kazi ambayo wengi huikwepa: ioanishe kila mita na transfoma yake, na kila transfoma na fida yake. Muriet, Olasiti, Olmoti na Moshono zimejaa nyumba mahali palipokuwa mashamba na malisho, na kila kiwanja kimevuta waya wake. Mita isiyojulikana iko transfoma gani haiwezi kumsaidia mtu yeyote siku ya hitilafu, hata ingekuwa janja namna gani.

Usipokee ramani iliyochorwa mezani. Mkandarasi akikuletea, chagua nguzo 20 bila kumwambia, nenda naye, mkahesabu pamoja. Na badiliko lolote la nguzoni lisipite siku moja bila kuingizwa kwenye mfumo. Fundi aliyehamisha laini saa nane usiku aandike kabla hajaenda kulala, na msimamizi wake asimpe kazi nyingine mpaka ameandika.

FYEKA MKUZA KABLA YA KUNUNUA KIHISI

Udongo wa majivu ya volkano na mvua za mlimani huotesha kila kitu kwenye mkuza, ile njia inayopitiwa na laini. Mgrevilea uliopandwa kuwa kivuli cha kahawa au mpaka wa shamba hurefuka haraka, mkaratusi ndiyo zaidi, na mijakaranda ya mjini hudondosha matawi makubwa masika yakichanganya na upepo. Kihisi kilichofungwa kwenye laini iliyofunikwa na matawi kitatoa taarifa kila upepo ukivuma. Wiki ya kwanza opereta atahangaika nazo. Wiki ya tatu atakuwa ameacha kuzisoma, na ya nne itakuja taarifa ya kweli.

Kata matawi, badilisha nguzo zilizooza na vikombe vilivyopasuka, kaza viungio. Mwarifu mwenye shamba mapema na ukubaliane naye apande nini chini ya waya. Migomba, maharage na mboga havina ugomvi na laini, mparachichi mrefu unao. Usimshtukize na panga asubuhi, halafu utegemee akupigie simu siku waya ukilegea juu ya shamba lake.

USIWASHE KUTOKA MBALI LAINI ALIYOPANDA FUNDI

Kwa uzito, agizo hili linatangulia yote. Ramani nimeiweka mwanzo kwa sababu bila ramani agizo hili haliwezi kutimizwa.

Kwa swichi ya mkono, fundi alikuwa na ulinzi wa wazi: alifungua swichi kwa macho yake, akaona pengo la hewa kati ya visu, akatia kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Hakuna mtu ambaye angewasha bila kumfuata yeye. Swichi inayoongozwa kutoka ofisini inamwondolea ulinzi huo. Sasa mtu asiyemwona, aliye kilomita 15 mbali naye, anaweza kuiwasha kwa kubonyeza mara mbili. Hata mtu asipobonyeza, programu inaweza kujiamulia kwamba laini imepona.

Basi utaratibu uwe mmoja, na usivunjwe kwa sababu ya haraka ya mkubwa yeyote. Kabla ya kupanda, fundi auondoe mtambo kwenye uendeshaji wa mbali na kuuweka kwenye uendeshaji wa pale pale, azime majaribio ya kurudisha umeme, atie kufuli lake na kibao chenye jina lake. Opereta naye aweke kizuizi kwenye kioo cha kompyuta ya chumba cha udhibiti, kiasi kwamba amri ya kuwasha ikitolewa mfumo uikatae. Kibali cha kazi kiandikwe, kisomwe kwa redio na kurudiwa neno kwa neno. Kizuizi kiondolewe na yule yule aliyekiomba, akiwa ameshuka, amehesabu watu wake wote na kutamka jina lake. Zamu ikibadilika katikati ya kazi, makabidhiano yafanyike kwa mazungumzo, si kwa karatasi iliyoachwa mezani.

Baada ya hayo yote, fundi apime waya kwa kipimio cha umeme, na afunge ethi pande zote mbili za mahali anapofanyia kazi. Kioo kikionyesha kwamba laini imezimwa, hiyo ni habari tu. Kipimio ndicho kipimo.

Kuna chanzo kingine cha kifo ambacho chumba cha udhibiti hakikioni kabisa: jenereta ya mteja. Transfoma haina mbele wala nyuma. Ukiisukumia volti 230 kutoka upande wa nyumba, upande wa pili itatoa kilovoti 11. Hoteli ndogo, zahanati au nyumba ya mtu yenye jenereta isiyo na swichi ya kuchagua chanzo, ile mafundi wanayoiita chenji-ova, inaweza kuwasha laini nzima ambayo kila mtu anaamini imezimwa. Inveta za umeme wa jua zilizofungwa ovyo zina hatari hiyo hiyo. Mwenye jenereta, usiwashe bila chenji-ova. Fundi wa majumbani, usimfungie mteja jenereta bila hiyo hata akikubembeleza kwamba ni kwa usiku mmoja. Leseni yako inatolewa na EWURA, mdhibiti wa nishati, na maisha unayochezea ni ya mwenzako wa kazi.

TUMIA RIKLOSA, LAKINI IWEKEE MIPAKA

Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita: tawi limegusa waya na kuanguka, radi imepiga, tumbili ameruka pasipofaa, ndege mkubwa ametandaza mabawa kati ya waya mbili. Wahandisi huzikadiria kati ya asilimia 70 na 80 ya hitilafu zote. Riklosa iliyofungwa nguzoni hukata umeme, husubiri kidogo, pengine chini ya sekunde moja, kisha huurudisha. Kilichogusa kikiwa kimeondoka, taa zimepepesa tu na watu wanaendelea kulala. Kikiwa bado kipo, hujaribu tena baada ya kusubiri zaidi, na kwa kawaida baada ya kukata mara ya tatu au ya nne hujifungia ikiwa imekata mpaka mtu aje.

Sasa fikiria waya uliokatika na kuanguka barabarani. Nao hurudishiwa umeme mara tatu, mbele ya mtoto aliyekimbilia kuona kilichoanguka. Mbaya zaidi, waya ukilala juu ya lami kavu, changarawe au vumbi la Septemba, mkondo unaopita ardhini unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba kinga ya kawaida haiuoni. Laini haikati. Waya unabaki pale chini, hautoi cheche wala sauti, una volti zaidi ya 6,000 kati yake na ardhi.

Kwa hiyo kwenye fida zinazopita masokoni, shuleni na stendi, punguza majaribio yabaki moja, au yafute. Ongeza kinga nyeti ya umeme unaovuja ardhini, na usiitegemee peke yake. Mita janja ziwe macho ya pili: mita za mtaa mmoja zikipoteza fezi moja kwa dakika ileile, opereta achukulie kwamba waya uko chini mpaka mtu afike athibitishe vinginevyo. Ukame ukishika, zima kabisa majaribio kwenye laini zinazopakana na msitu wa mlima. Cheche moja kwenye nyasi kavu inatosha. Na riklosa ikishajifungia, marufuku kuirudisha kutoka ofisini ili "tuone kama itashika". Mtu apite kwanza.

Usiache mipangilio iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Riklosa na fyuzi za matawi lazima zipangwe pamoja: kwanza riklosa ikate haraka, ili hitilafu ya kupita isiiunguze fyuzi, kisha, hitilafu ikiendelea, riklosa ichelewe na kuiacha fyuzi ya tawi lile ikatike, watu wa matawi mengine wabaki na umeme. Hesabu hizo zinafanywa kwa kila fida na nguvu yake, na zinarudiwa kila unapobadilisha waya au transfoma kubwa.

USIFUNGE SWICHI ZA KUJIPONYA PASIPO NA PA KUGEUKIA

Hapa ndipo fedha nyingi zinaweza kupotea, kwa hiyo nifafanue.

Chukua fida ya mjini yenye swichi tatu zinazoigawa vipande vinne, na swichi ya nne mwishoni iliyo wazi, inayoweza kuiunganisha na fida ya kituo kingine. Saa nane usiku tawi linaangukia kipande cha pili. Breka ya kituoni inakata. Kihisi cha mwanzo wa kipande cha pili kinasema, mkondo mkubwa umepita hapa. Kihisi cha mwanzo wa cha tatu kinasema, mimi sikuuona. Programu inajua palipoharibika. Inafungua swichi mbili zinazokizunguka kipande cha pili, inarudisha cha kwanza kutoka kituo chake, na cha tatu na cha nne inavipa umeme kutoka kwa jirani kwa kufunga ile swichi ya mwishoni. Yote hayo kwa dakika moja au mbili. Wanaobaki gizani ni wa kipande kimoja, na gari la dharura linaelekezwa moja kwa moja huko. Mji wa Chattanooga, Marekani, ulifunga zaidi ya swichi 1,000 za namna hii, na dhoruba ya Julai 2012 iliwakuta wateja wengi umeme wao ukirudi kabla hata hawajapiga simu.

Mpango huo unafaa mahali ambapo vituo vinakaribiana na fida zinaweza kupeana mkono: Njiro, Themi, Unga Limited, Kiltex, katikati ya jiji. Panda sasa kwenda Ilkiding'a au Nkoaranga. Laini inafuata mgongo wa mlima kati ya makorongo mawili, inapanda hadi mpakani mwa msitu na kuishia hapo. Kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni bonde refu lenye mto. Ukifunga swichi za kujiponya huko, hazina jirani wa kumgeukia, na gharama yake imekwenda bure. Laini za namna hiyo zipewe riklosa moja iliyowekwa mahali sahihi, fyuzi nzuri kwenye kila tawi, na vile viashiria vya bei nafuu vinavyoning'inia kwenye waya na kuwaka taa hitilafu ikipita. Fundi akifika njia panda anatazama juu na kujua akate kushoto au kulia. Kwa mteremko wa Meru, naamini kiashiria hicho kitaokoa saa nyingi za giza kuliko programu ya mamilioni.

Na hata mjini, usimbebeshe jirani mzigo bila kuupima. Waya wa milimita za mraba 50 hauwi wa 100 kwa sababu kompyuta imeamuru. Kumbuka pia kwamba fida iliyokaa bila umeme saa tatu hairudi na mzigo ule ule. Mwezi Julai, Arusha ikiwa na baridi yake, kila hita ya kuogea, kila friji na kila pampu itaanza kwa pamoja, na mzigo wa dakika za mwanzo unaweza kuzidi sana ule wa kawaida. Rudisha kipande kwa kipande. Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru na pampu za maji ya mji ziwe za kwanza kwenye orodha hiyo, na orodha iandikwe leo, si usiku wa dharura.

USITEGEMEE LAINI MOJA YA SIMU

Swichi nyingi huwasiliana na ofisi kupitia kadi ya simu. Mnara wa simu unakula umeme wa fida ile ile. Umeme ukikatika, mnara unaishi kwa betri saa kadhaa, kisha swichi zinakuwa bubu wakati ambapo ndipo zinahitajika. Kagua kila swichi: mnara wake unalishwa na nani? Weka njia mbili zisizotegemeana, mkongo pale unapopita, redio pale ambapo migongo ya mlima haiikingi, na kadi za mitandao miwili kwa palipobaki. Swichi ikipoteza mawasiliano, ibaki katika hali salama uliyoichagua wewe mapema.

FUNGUA KISANDUKU, PIMA BETRI

Kwenye nguzo, chini ya swichi, kuna kisanduku cha chuma. Ndani yake mna kidhibiti, modemu na betri. Kisanduku kinapigwa na jua mchana kutwa, na joto hilo linaila betri. Betri iliyokufa haionekani siku ambazo umeme upo. Hujulikana siku umeme ukikatika, nayo ndiyo siku pekee ambayo kazi yake inahitajika. Ijaribu kwa mzigo halisi kila baada ya miezi sita, andika tarehe kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango, na ibadilishe kabla haijaisha. Tia kufuli la maana. Wanaoiba mafuta ya transfoma hawataiacha betri.

PIMA ETHI WAKATI WA KIANGAZI

Usipime Aprili, udongo ukiwa umelowa, ukaandika kwamba ni nzuri. Nenda Septemba. Udongo wenye majivu na kokoto nyepesi za volkano hukauka haraka, na ethi iliyopita mtihani wa masika inaweza kushindwa vibaya kiangazi. Vizuia radi vinavyolinda kidhibiti chako vinategemea ethi hiyo. Mkandarasi akileta vipimo vya masika tu, usimlipe.

USIFUNGWE NA MUUZAJI, WALA USIACHE MLANGO WAZI

Nunua vifaa vinavyozungumza lugha za wazi za mitandao ya umeme, kama IEC 61850, IEC 60870-5-104 au DNP3, ili kesho uweze kununua kwa mwingine bila kubomoa vyote. Mkataba useme waziwazi nani anamiliki mipangilio, nani ana nywila, na vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi. Tupa nywila ya kiwandani siku ya kwanza. Mhandisi wa muuzaji aliye ng'ambo asipewe mlango wa kuingia muda wote. Afunguliwe akihitajika na afungiwe akimaliza, na mtu wetu akimtazama.

Tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za kampuni 3 za usambazaji nchini Ukraine, wakafungua breka moja baada ya nyingine kutoka mbali huku waendeshaji wakitazama. Wateja wapatao 225,000 walibaki bila umeme katika majira ya baridi. Umeme ulirudi baada ya saa kadhaa kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuzifunga breka kwa mikono. Basi kila swichi utakayoifunga Arusha iwe na mpini wa mkono, na mafundi wafanye zoezi la kuuendesha mji mzima kwa mikono na redio angalau mara moja kwa mwaka. Using'oe mpini huo kwa kisingizio kwamba zama zimebadilika.

USIMBADILISHIE MTEJA MFUMO BILA KUMWANDAA

Novemba 24, 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya kuboresha mita za malipo ya kabla duniani kote zinazotumia mfumo mmoja wa tokeni, Luku zetu zikiwemo. Saa ya mfumo huo ilianza kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa siku hiyo. Mteja aliponunua umeme alipata makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza ya kuiboresha mita, la tatu ndilo la umeme. Kazi kubwa ya kitaalamu ilimalizikia kwenye kidole cha bibi anayeingiza tarakimu 60 kwenye mita iliyo juu ya mlango. Wanaopanga kufunga mita janja wajifunze hapo: maelezo yafike kwa redio, misikitini, makanisani, kwenye vikao vya mtaa na vijiweni, kwa Kiswahili na pale inapobidi kwa Kimaa na Kimeru, kabla mita haijaguswa.

Mita janja inajua pia ni saa ngapi unaamka na wiki gani nyumba yako haina mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa hizo kama inavyohusu nyingine. Usizionyeshe kwa kibarua wa mkandarasi, usiziuze, usizikusanye kuliko unavyohitaji.

HESABU HATA ZINAZOPEPESA

Kuna vipimo viwili vinavyotumika duniani kote: mteja wa wastani amekosa umeme kwa muda gani kwa mwaka, na mara ngapi. Mara nyingi ukatikaji wa dakika chache hauingizwi humo. Hapo ripoti inaweza kupendeza huku kiwandani Unga Limited mashine zikizima mara sita kwa wiki kwa sekunde moja moja, na kila moja ikiharibu malighafi na kugharimu nusu saa ya kuanza upya. Hesabu kila ukatikaji, utangaze kwa kila fida, na usijifiche nyuma ya wastani wa mkoa.

Pima pia upotevu. Mwaka 2025 ulipozuka mjadala wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu moja iliyotolewa ilikuwa umeme unaopotea njiani kutoka mbali. Hoja hiyo ni ya laini kubwa, lakini umeme hupotea pia kati ya transfoma na mita. Linganisha kilichopita kwenye transfoma na jumla ya mita zake kila mwezi. Tofauti ikikua, tuma mtu akatazame.

WAFUNDISHE WA HAPA

Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwepo tangu 1978, na kina kituo chake Kikuletwa, kwenye mtambo wa zamani wa maporomoko ya maji, ambako wanafunzi hujifunza umeme wa maji kwa mikono. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru. Kiwanda cha Tanelec kinatengeneza transfoma hapa hapa. Hakuna udhuru wa kumpandisha mtu ndege kutoka ng'ambo kila kidhibiti kinapogoma. Weka kwenye mkataba kwamba mafundi wa Arusha watafungua, watapanga na kutengeneza kila kifaa wenyewe kabla muuzaji hajalipwa sehemu ya mwisho. Na fundi wa miaka 25 nguzoni aingie chumba cha udhibiti kama mwalimu. Anajua fida ipi husumbua mvua ikitoka Meru na ipi ikitoka Monduli. Maarifa hayo hayamo kwenye programu yoyote.

KWA MWANANCHI

Waya ukiwa chini, usiusogelee, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Simama mbali, zuia watoto na mifugo, piga simu.

Gari lako likiangukiwa na waya, kaa ndani mpaka mafundi waje. Ikibidi kutoka kwa sababu ya moto, ruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa hatua fupi za kuburuza.

Usijenge chini ya laini. Usianike nguo wala kufunga antena kwenye nguzo.

Ripoti hitilafu kwa namba ya nguzo au ya mita. "Umeme umekatika huku kwetu" haimfikishi fundi popote.

Ukimwona mtu kwenye transfoma usiku asiye na gari la kazi wala sare, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

USIZINDUE KWA SABABU YA TAREHE

Uwanja wa Olmoti unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, na shinikizo la kuonyesha mji unaong'aa litakuja. Likija, lipinge. Chagua fida moja, si kumi. Iendeshe masika yote na kiangazi chote, programu ikipendekeza tu na binadamu akiamua, na kila pendekezo liandikwe kama lilikuwa sahihi au la. Ukifika Oktoba na makosa yote yamepatiwa sababu, ruhusu ijiendeshe usiku peke yake, opereta akiwa kitini. Halafu fida ya pili.